Neno la Leo: Akteri

Jioni moja hapa Kilibula, mtaa wa Uvira, kijana alitoka kuangalia "Avengers: Infinity War", filamu ya Hollywood ya mwaka 2018, amenuna kabisa. "Sasa akteri ni nani humu? Bandi ndiye ameshinda!" Bandi ni yule mwovu. Uchungu wake naupokea. Neno lake ndilo lina shida.

Kwetu Uvira akteri amekuwa yule mwema anayepiga wote na hafi. Katika Kifaransa, lilikotoka neno hilo, "acteur" ni mwigizaji tu. Josh Brolin aliyeigiza Thanos, yule mwovu aliyeshinda, ni akteri sawasawa na Robert Downey Jr. wa upande wa mashujaa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, huyo mwema humwita steringi, kutoka "starring" ya Kiingereza, neno linalotangulia majina ya waigizaji wakuu kwenye mabango ya filamu. Wengine huandika "sterling". Hiyo ni pauni ya Waingereza.

Kiswahili kimetenganisha vizuri. Mwigizaji ni mtu aliye kazini. Mhusika ni wa ndani ya hadithi. Katika "Titanic" ya 1997 Jack anakufa kwa baridi ya bahari, Leonardo DiCaprio aliyemwigiza yu hai mpaka leo. Mhusika mkuu ndiye ambaye hadithi inamfuata, awe mwema au mwovu, na shujaa ni mwenye ushujaa. Filamu kama ile ya Avengers hujaza mashujaa kumi na zaidi, ila mhusika mkuu wa ile ya 2018, kwa maoni yangu, ni Thanos mwenyewe.

Basi, kijana wangu, sema "mashujaa wameshindwa". Hapo utakuwa umesema kweli.