Kilimanjaro na Ulinganifu wa Mahali na Wakati

Mtu wa Marangu akitaka kukionyesha Kibo huelekeza kidole kaskazini-magharibi. Mtu wa Machame huelekeza kaskazini-mashariki. Kauli zao hazipatani, lakini Kibo ni kimoja, na kila mmoja amesema kweli kwa mahali aliposimama. Katika mfano huu mdogo imo nusu ya fikira aliyoitimiza Albert Einstein mjini Berlin mwezi wa Novemba 1915, alipotoa milinganyo ya nadharia ya jumla ya uhusianifu. Alisema kwamba kanuni za maumbile hazina budi kuwa zile zile, hata kila mpimaji akijichagulia alama zake za kupimia.

Nusu ya pili huwatatiza wengi, maana ulinganifu wa kanuni si ulinganifu wa vitu. Kitu ni linganifu kikigeuzwa kisionyeshe tofauti, kama mpira wa duara. Kilimanjaro si hivyo: upande mmoja una Shira, upande wa pili una Mawenzi. Kanuni ni moja kwa pande zote, bali mlima wenyewe hauna pande zilizo sawa.

Mtu wa kwanza kupata jawabu kamili la milinganyo ile alikuwa Karl Schwarzschild, mnajimu wa Ujerumani aliyekuwa askari katika vita dhidi ya Urusi. Jawabu lake lilisomwa Berlin mwezi wa Januari 1916. Miezi miwili baadaye vita hivyo hivyo vilifika Moshi, mji ukatoka mikononi mwa Wajerumani ukaingia mikononi mwa Waingereza. Na mwezi wa Mei Schwarzschild akafa kwa maradhi. Njia yake ilikuwa kudhani mambo mawili: kwamba nyota ni duara kamili, na kwamba hali yake haibadiliki kwa kupita wakati. Kwa ulinganifu huo hesabu iliyokuwa msitu ikawa njia.

Jawabu hilo lina fundisho kubwa. Nje ya nyota hamna maada, na utupu ni linganifu kupita vitu vyote, kwa kuwa kila sehemu yake ni sawa na nyingine. Hata hivyo mahali na wakati karibu na nyota havifanani na mahali na wakati mbali nayo. Basi kila ulinganifu wa mahali na wakati huonekana katika maada iliyomo, lakini si kila ulinganifu wa maada huonekana katika mahali na wakati. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Na utupu nao una habari usizoweza kuzijua kwa kutazama yaliyomo tu.

Katika mwaka wa 1918 Emmy Noether wa Göttingen, ambaye chuo kilimnyima ruhusa ya kufundisha kwa jina lake kwa sababu ni mwanamke, alithibitisha kwamba ulinganifu ndio shina la hifadhi. Kanuni zisipobadilika kwa kupita wakati, nishati haipotei. Ulinganifu huo ukikosekana, hifadhi hiyo nayo hukosa msingi.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Weka saa moja Moshi, penye kimo cha mita 800 na zaidi, na nyingine juu ya kilele cha Uhuru. Kwa hesabu ya nadharia hii, saa ya kileleni itatangulia kwa takriban sehemu 17 za milioni za sekunde kila mwaka. Mwaka wa 1960 Pound na Rebka walithibitisha athari ya namna hii kwa mnara wa mita 22.5 tu huko Harvard.

Wapimaji wa Kiingereza walikipa kilele kimo cha mita 5,895 mwaka wa 1952. Mwaka wa 1999 kilipimwa kwa satelaiti, ikapatikana mita 5,892. Saa za satelaiti hizo zingetangulia za ardhini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kama mwendo wake usingepunguzwa kabla ya kurushwa. Kwa hiyo kipimo kile cha mlima wetu kimebeba ndani yake hesabu ya 1915, na mwanafunzi wa Kibosho au Rombo anayeisoma leo hasomi habari za ugenini.