Kisiwa cha Kupumzika, Kisiwa cha Kufungiwa: Safari ya Kutoka Kericho hadi Mfangano

Boti ya Mfangano hutoka Mbita ikiwa imeshiba. Kuna magunia ya unga, kreti za soda, mabati, kuku waliofungwa miguu, na abiria waliobanana kwenye mbao wakiwa wamevaa maboya ya rangi ya machungwa. Safari ni ya zaidi ya saa moja. Njiani unapita Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe, kisha mlima wa Mfangano unazidi kuinuka mbele yako hadi unaziba upeo wa macho. Aliyetoka Kericho alfajiri, akapitia Sondu na Oyugis, huwa ameshavua sweta kabla hajafika Homa Bay.

Ukishuka Sena unakuta mahali pa kutulia kweli. Kwa miaka mingi hapakuwa na gari hata moja, watu wakizunguka mlima kwa njia za miguu. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu, zikametameta juani kama vipande vya bati, huku mtoto ameshika kijiti cha kuwafukuzia ndege. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone iko michoro ya duara nyekundu na nyeupe iliyoachwa na wawindaji wa kale, na wenyeji, Abasuba, wana makumbusho yao ya jamii yanayohifadhi habari za watu wa kisiwa. Mgeni akilala siku mbili hapa, ya tatu huanza kuulizia bei ya kiwanja.

Lakini ziko familia katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, ambazo jina la Mfangano halikuingia nyumbani mwao kama jina la mahali pa likizo. Liliingia kama jibu la swali la mtoto: babu alipelekwa wapi? Pamoja na Rusinga na nyanda za Gwassi zilizo ng'ambo ya maji, Mfangano ilikuwa sehemu ya ramani ya uhamisho wa Watalai, ukoo uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi. Sisi tunaokwenda huko kwa hiari yetu tuna wajibu wa kuijua habari hiyo.

Nyumba ya Kimnyole

Kiongozi wa Watalai aliitwa orgoiyot. Ndiye aliyebariki vita, akasoma dalili za nyakati na kuombwa ushauri mambo yalipokuwa mazito. Waingereza walimwita laibon, neno walilolizoea kwa Wamasai, na hilo ndilo lililokuja kuandikwa kwenye sheria zao.

Aliyeacha jina kubwa kuliko wote ni Kimnyole arap Turukat wa Nandi, anayekumbukwa kwa utabiri wa kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma anayetema moshi. Aliuawa na watu wake mwenyewe mnamo 1890, na wanawe wakatawanyika. Koitalel arap Samoei alibaki Nandi na kuongoza upinzani dhidi ya reli na jeshi la Waingereza, mpaka Oktoba 19, 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani na kupigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa amekwenda kwa Wakipsigis na kuwa orgoiyot wao.

Serikali ya kikoloni haikumwacha Kipchomber naye. Mwaka 1914 yeye na wakuu wenzake wa ukoo waliondolewa Kericho na kupelekwa upande wa Mlima Kenya. Kipchomber aliwekwa Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na hakurudi. Alifia ugenini mwaka 1916.

Kitani kilipokufa, chai ikaingia

Wakati viongozi wakiondolewa, ardhi nayo ilikuwa ikipimwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitenga ekari zipatazo 25,000 huko Kericho kwa ajili ya maafisa wao waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa katika muda mfupi. Ardhi haikurudishwa kwa waliokuwa wakichungia ng'ombe hapo. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia na kupanda chai katika maelfu ya ekari.

Udongo uliipenda. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingine ikiwa mvua ya mawe inayotoboa majani kama risasi. Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, mchumaji huingia kwenye chai akiwa amejifunga aproni ya nailoni hadi chini ya magoti, kikapu mgongoni. Mikono yake miwili hutembea juu ya vichaka bila kupumzika: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Kiganja kikijaa hurushwa juu ya bega bila kutazama nyuma. Hiyo ndiyo kazi iliyolifanya jina la Kericho lijulikane kwenye maduka ya London.

Wakipsigis wengi walisukumwa kwenye hifadhi za wenyeji au wakabaki kama maskwota kwenye ardhi iliyokuwa yao. Vibarua walitoka mbali, wengi wao Nyanza, wakajengewa nyumba za safu ambazo mpaka leo tunaziita laini. Hivyo watu wa ziwani walipanda milima kufuata kazi ya chai, na muda si muda watu wa milima ya chai wakateremshwa ziwani kwa amri.

Sheria ya 1934

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walowezi walilalamika sana juu ya wizi wa mifugo na machafuko. Maafisa wa Kericho walishikilia kwamba nyuma ya kila jambo kuna mkono wa orkoik, yaani maorgoiyot, na kwamba nchi haitatulia maadamu wapo. Badala ya kumshtaki mwizi kwa wizi wake, serikali ilitunga sheria dhidi ya ukoo mzima. Sheria ya Kuwaondoa Malaibon ya mwaka 1934 ilimpa gavana mamlaka ya kuwahamisha Watalai kutoka Kericho, na hakuna aliyehitaji kuthibitishiwa kosa lake mahakamani. Kuzaliwa katika ukoo huo kulitosha.

Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao 700 waliondolewa: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Walipelekwa Gwassi, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Homa Bay. Wengine waliotazamwa kuwa wa hatari zaidi waliwekwa visiwani.

Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Kericho, penye malisho ya kijani mwaka mzima, aliteremshwa hadi ufuko wa ziwa ulio kwenye mita 1,134, penye joto na mbu. Bonde la Lambwe, jirani na Gwassi, lilijulikana kwa mbung'o wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa Mkipsigis, ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mursik kwenye kibuyu, ni heshima ya mtu mbele ya wenzake. Kumpeleka mahali ambapo ng'ombe hawaishi kulikuwa kumwondolea kila kilichomfanya awe mtu kamili.

Majirani walizungumza Olusuba na Dholuo, wakati wahamishwa walizungumza Kipsigis. Watoto walijifunza lugha za wenyeji haraka zaidi ya wazazi. Siwezi kuyapita hayo bila kuwataja watu wa Gwassi na wa visiwani. Wao hawakuulizwa kama wanataka ardhi yao iwe gereza, na bado ndio waliokuwa majirani wa watu hao kwa karibu miaka 30.

Miaka 40 ya Barsirian

Mfungwa anayekumbukwa zaidi katika habari za Mfangano alitoka Nandi. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa Oktoba 1923, wakati Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa saget ab eito, sherehe ya kuchinja fahali ambamo rika moja hukabidhi uongozi kwa jingine. Serikali iliihofia sherehe hiyo kama dalili ya uasi. Barsirian alipelekwa Meru, na baadaye akafikia kisiwani Mfangano.

Huko alikaa wakati dunia ikibadilika bila yeye. Vita Kuu ya Pili vilianza vikaisha. Mau Mau waliingia msituni. Bendera ya Kenya ilipandishwa Desemba 1963, naye bado hakuwa huru. Aliachiliwa 1964, baada ya miaka ipatayo 40, na kwa hesabu hiyo hutajwa kuwa mfungwa wa kisiasa aliyefungwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote katika historia ya Kenya. Alifariki mwaka 1974. Watoto wetu wanafundishwa majina ya Sita wa Kapenguria, na ni haki yao. Jina la Barsirian nalo linastahili kuwa kwenye ulimi wa kila mwanafunzi.

Ujanja wa kumfungia mtu kisiwani haukuanzia Mfangano. Mwaka 1899 Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa na kupelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafariki Jinja, njiani, kabla hajaiona Bunyoro.

Sukari na chai

Nenda mbali zaidi, hadi Bahari ya Karibi, kwenye visiwa ambavyo picha zake hupamba matangazo ya likizo ya dunia nzima. Katika kisiwa cha Saint Vincent waliishi Wagarifuna, watu wa damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa visiwa hivyo. Walowezi wa Kiingereza walitaka ardhi yao kwa kilimo cha miwa. Kiongozi wa Wagarifuna, Joseph Chatoyer, aliuawa Machi 14, 1795, na waliposhindwa vitani, Wagarifuna kiasi cha 5,000 walikusanywa na kutupwa kwenye kisiwa kikavu cha Balliceaux. Karibu nusu yao walikufa humo kwa magonjwa na shida. Waliobaki walipakiwa merikebuni na kushushwa Roatan, pwani ya Honduras, Aprili 1797.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu sukari na chai zilikutana kwenye kikombe kimoja. Mnywaji wa Uingereza alikoroga miwa ya Karibi kwenye majani ya Asia, na baadaye ya Kericho, bila kujua kwamba pande zote mbili palikuwa na watu waliosogezwa ili mashamba yatulie. Tofauti ni kwamba Saint Vincent imemtambua Chatoyer kuwa shujaa wa taifa, na kila Machi 14 nchi nzima hupumzika kwa heshima yake.

Kurudi bila shamba

Watalai waliruhusiwa kurudi Kericho mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni. Walirudi na mizigo waliyoweza kubeba, na wengi walikuta palipokuwa kwao pana chai, au pana mwenyewe mwingine. Kuna waliobaki kuishi kwenye vibanda kandokando ya mji wa Kericho, wao na watoto wao na wajukuu, wakiitazama milima ya kijani wasiyo na hata safu moja ya chai ndani yake.

Madai yao hayajafa. Mwaka 2019 zaidi ya watu 100,000 wa Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu wa umoja huo waliiandikia serikali ya Uingereza wakieleza wasiwasi wao mkubwa. Agosti 2022 kesi ilifikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alieleza huzuni na majuto kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi.

Mahakama zina mwendo wake. Liko jambo ambalo sisi wenyewe tunaweza kulifanya bila kusubiri London. Mtoto aliyezaliwa Gwassi mwaka 1950 leo ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Anakumbuka jina la kisima walichotekea maji, jirani aliyewapa samaki, kaburi la bibi lililoachwa huko. Kaunti za Kericho na Bomet zingetuma vijana wenye kinasa sauti waketi na wazee hao mwaka huu, si mwaka kesho. Shule zetu hupeleka wanafunzi Mombasa na Nakuru kila muhula. Basi moja liende Mbita. Wasimame kwenye ufuko wa Sena, waitazame milima ya Gwassi ng'ambo ya maji, waambiwe ni nani aliyeletwa hapa na kwa nini.

Mimi nilirudi asubuhi. Nilitoa nauli, nikapewa boya, boti ikaondoka bila mtu kuniuliza jina langu wala ukoo wangu. Jioni nilikuwa Kapsoit na mvua ilikuwa imeanza, ile yetu ya kila siku. Nilivaa sweta. Barsirian aliyaona maji yale yale yakipigwa na boti kwa miaka mingi, na hakuna nauli ambayo ingemrudisha nyumbani.