Pengo Baina ya Ndege Mbili

Mitaa ya mashariki ya Nairobi aghalabu hutajwa kwa ajili ya reli, viwanda na nyumba za wafanyakazi. Ni wachache wakumbukao kwamba mitaa hiyo ndiyo pia mlango wa anga wa Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na kiwanja chake Eastleigh, na vita vilipokwisha kiwanja hicho kikapokea ndege za abiria. Mwaka 1958 kazi hiyo ilihamishiwa Embakasi, kwenye kiwanja kilichojengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Leo kile cha Eastleigh ni kambi ya Jeshi la Anga la Kenya, na kile cha Embakasi kina jina la Jomo Kenyatta. Tukiifuata historia ya viwanja hivi viwili, tutakuta swali moja likirudi tena na tena: abiria anaposhuka katika ndege moja na kungojea nyingine, ni nani achukuaye dhima ya pengo lililo katikati, na ni nani auchukuaye mzigo wake?

Tuanze na mwaka 1952. Siku hizo nauli ya ndege kutoka London hadi Nairobi ilikuwa kubwa mno, na walioimudu walikuwa hasa maofisa wa serikali, walowezi na wafanyabiashara wakubwa. Shirika la serikali ya Uingereza, BOAC, ndilo lililotawala njia hiyo. Mwaka huo kampuni mbili za watu binafsi, Airwork na Hunting, ziliruhusiwa kuanzisha safari ya nauli nafuu, lakini kwa masharti ya kuzizuia zisishindane na BOAC. Basi zikatumia ndege za Viking za injini mbili, zilizotua mara nyingi njiani kutia mafuta, na usiku abiria wakalala hotelini. Safari ilichukua kiasi cha siku tatu. Walakini abiria alikuwa na tikiti moja tu mkononi. Kampuni ndiyo iliyomlaza, ikamwamsha, ikampakia tena pamoja na sanduku lake. Hakuogopa kuachwa, kwa kuwa ndege yenyewe ililala alipolala yeye. Unafuu wake aliulipia kwa siku zake.

Wakati huohuo kampuni kubwa zilikuwa zikifungamana kwa mapatano. Mwezi wa Aprili 1945 wajumbe wa kampuni za ndege walikutana Havana, nchini Kuba, wakaunda chama chao cha kimataifa, IATA. Miongoni mwa matunda ya ushirikiano huo ni desturi ya kupokeana abiria na mizigo. Tikiti iliyouzwa na kampuni moja ilikubaliwa na nyingine, na sanduku likafungwa karatasi yenye jina la mji wa mwisho wa safari. Abiria wa tikiti ya namna hiyo aliweza kutoka Zanzibar, akabadili ndege Nairobi, akafika Ulaya, asiliguse sanduku lake njiani. Ndege ya kwanza ikichelewa, ilikuwa juu ya kampuni kumtafutia nafasi katika nyingine. Hapana shaka huo ulikuwa utaratibu mwema, lakini ulikuwa na bei yake. Nauli ziliamuliwa kwa makubaliano ya kampuni zenyewe na idhini ya serikali, wala hazikushuka upesi.

Vijana wa Kiafrika wa miaka ile waliujua ugumu wa bei hiyo. Wengi walikuwa wamekubaliwa na vyuo vya Marekani, na hata kupewa msaada wa ada, lakini nauli ikawashinda. Tom Mboya, kiongozi wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, alikuwa amechaguliwa mwaka 1957 kuwawakilisha Waafrika wa Nairobi, ambao wengi wao walikaa katika mitaa kama Kaloleni, Makongeni, Ziwani na Shauri Moyo. Yeye na wenzake, akiwamo Dakta Gikonyo Kiano, walishirikiana na marafiki huko Marekani kuchanga fedha. Badala ya kumnunulia kila mwanafunzi tikiti yake, wakakodi ndege nzima. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege hiyo hadi New York, na kutoka hapo wakatawanyika kwenda vyuoni mwao. Pengo baina ya ndege na ndege lilizibwa kwa njia rahisi: waliokwenda pamoja walisafiri katika chombo kimoja na mizigo yao. Unafuu wao waliulipia kwa umoja.

Miaka ikapita na utaratibu wa zamani ukaanza kulegea. Huko Texas kampuni ya Southwest ilianza kuruka mwaka 1971 kwa nauli ndogo. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuiondolea serikali madaraka ya kupanga nauli za ndege ndani ya nchi ile, na katika miaka ya 1990 nchi za Ulaya zikafuata. Afrika Mashariki nayo ilipata kampuni za namna hiyo: fastjet ilianza safari Dar es Salaam mwaka 2012, na Jambojet ikaanza Nairobi mwaka 2014. Siri ya unafuu wao si uchawi. Kampuni hizi hupenda ndege isikae chini kwa muda mrefu, hutoza mzigo kwa malipo ya mbali, na aghalabu hazifungi mapatano ya kupokeana abiria na kampuni nyingine. Humchukua mtu kutoka mji huu hadi mji ule, na hapo mkataba umekwisha.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Eastleigh. Tangu miaka ya 1990, hasa baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, mtaa huo umekuwa soko kubwa la bidhaa nyingi zinazotoka Dubai. Tuseme mfanyabiashara wetu anarudi nyumbani na masanduku mawili ya nguo, kwa tikiti mbili alizozinunua mbalimbali, naye atabadili ndege katika nchi ya tatu. Ndege ya kwanza inatua saa nne asubuhi. Ya pili itaondoka saa saba. Kwa hesabu ya haraka ana saa tatu. Lakini meza ya kupokelea mizigo itafungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, basi zimebaki mbili. Masanduku yake hayakuandikiwa Nairobi, yataishia hapohapo. Hana budi kuingia nchini humo, na pengine atatakiwa viza. Foleni ya uhamiaji ikimla saa moja, na masanduku yakichelewa nusu saa, amebakiwa na nusu saa tu ya kupita forodha na kupanga foleni upya. Hapo huenda akaambiwa kwamba kilo zilizokubaliwa na kampuni ya kwanza zimezidi kipimo cha ya pili, naye alipe tena. Na ndege ya kwanza ikichelewa kwa nusu saa, tikiti ya pili imekufa mkononi mwake.

Je, sheria haimlindi? Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeuridhia, huifanya kampuni iwajibike kwa mzigo uliopotea au kuharibika ukiwa katika ulinzi wake. Lakini mzigo ukiwa mikononi mwa abiria, baina ya kampuni moja na nyingine, mlinzi wake ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo wasafiri wenye busara huacha nafasi ya usiku mzima baina ya tikiti zao, hupima mizigo kwa kipimo cha kampuni iliyo kali zaidi, na huweka hati na dawa katika mkoba wa mkononi. Tena hujumlisha kila kitu, yaani nauli mbili, malipo ya masanduku, viza na kitanda cha usiku, ndipo hulinganisha jumla hiyo na bei ya tikiti moja. Mara nyingine tikiti mbili hushinda. Mara nyingine huonekana kwamba rahisi ni ghali.

Haifai kuzilaumu tu kampuni za nauli nafuu, maana zimewapandisha ndege watu wengi ambao zamani waliziona zikipita juu ya mapaa yao tu. Lakini mwanafunzi wa historia na apime vizuri. Abiria wa 1952 aliununua unafuu kwa muda, na wanafunzi wa 1959 waliununua kwa umoja. Abiria wa leo huununua kwa hatari, na mara nyingi hajui kwamba ameinunua. Pengo baina ya ndege mbili halikuondoka kamwe. Lililobadilika ni bega linalolibeba. Kila tunapoonyeshwa bei ndogo, ya ndege au ya kitu kingine chochote, yatupasa kuuliza kwanza ni mzigo gani uliopunguzwa katika bei hiyo, na umetuliwa juu ya bega la nani.