Bango la Mapanki: Filamu ya Taharuki Ilivyolisimulia Ziwa Letu

Kivuli cha ndege kinapita juu ya maji ya Ziwa Victoria. Mara tuko ndani ya mnara wa kuongozea ndege katika uwanja wa Mwanza, ambako mwongozaji anahangaika kumuua mdudu kwenye kioo. Hakuna sauti ya msimulizi. Ndivyo inavyoanza Darwin's Nightmare, filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ambayo Watanzania wengi wanaijua kama filamu ya mapanki. Tangu ilipotoka, ubishi juu yake umekuwa ule ule: je, ndege zilizokuja kuchukua samaki zilileta silaha, na je, watu wanakula mapanki? Naona tulibishania pasipo penyewe. Filamu ile inahusu watu na mambo halisi, lakini iliazima desturi za filamu za taharuki, na iliziazima hasa mahali pawili: dakika za mwanzo na bango. Hapo ndipo hukumu juu ya ziwa, na juu ya watu wanaoishi kando yake kuanzia Bukoba mjini hadi visiwa vya Muleba, ilipotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Desturi hizo zina historia yake. Mwaka 1958 Orson Welles alifungua Touch of Evil kwa mikono inayotega bomu ndani ya gari, kisha kamera ikaenda na gari hilo mitaani kwa dakika tatu na zaidi bila kukatwa. Mtazamaji anajua kilichomo. Wenye gari hawajui. Miaka hiyo hiyo mchoraji Saul Bass aliyapunguza mabango: badala ya kujaza nyuso za waigizaji, alibakiza umbo moja, kama ule mwili uliogawanywa vipande wa Anatomy of a Murder (1959). Kisha mwaka 1975 ikaja Jaws. Inaanza na msichana anayeogelea usiku, akivutwa chini na kitu tusichokiona. Bango nalo linaonyesha kile ambacho mwanzo umekificha, papa aliyeachama akipanda kumfuata mwogeleaji. Kanuni ikakomaa: mwanzo unauliza, bango linajibu. Bongo Movie nayo ikairithi, na majalada yenye bastola na macho yaliyokodolewa yakafika kila penye kibanda umiza. Tusisahau pia kwamba bango huonwa na watu wengi kuliko filamu yenyewe. Asiyelipa kiingilio naye hupita mbele yake.

Sasa tulitazame bango la Sauper. Ni mifupa ya samaki iliyounganishwa na Kalashnikov, bunduki ambayo huku tumezoea kuiita SMG. Anayejua kazi ya kiwanda cha minofu anakitambua kile kitu papo hapo: ni panki, yaani kichwa na uti wa mgongo vinavyobaki kisu kikishapita ubavu wa kulia na wa kushoto, minofu ikaenda kwenye barafu na bondo likawekwa pembeni kwa sababu lina soko lake. Kama mchoro, ni kazi ya hali ya juu. Kama dai, ni zito kuliko kitu chochote kinachoonyeshwa ndani ya filamu. Kivuli cha mwanzo kimeshapanda swali: ndege zinazokuja kuchukua samaki zinakuja zimebeba nini? Sauper anawauliza marubani, nao wanakwepa. Karibu na mwisho mmoja wao anakiri kwamba aliwahi kupeleka mizigo ya kivita Angola, akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Ni ushuhuda wa kuumiza, na sioni sababu ya kuutilia shaka. Lakini ni wa Angola. Hakuna mahali kamera inaponasa sanduku la silaha likishushwa Mwanza. Swali lililoulizwa kwetu lilijibiwa kwingine, na bango likaziba pengo.

Mtetezi wa filamu atasema hili ni kuchuja mbu. Silaha za vita vya Kongo zilisafirishwa kwa ndege za mizigo, na ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza hivyo. Huko Ufaransa, msomi François Garçon alipoishambulia filamu, ugomvi ulifika mahakamani, na mwaka 2008 Sauper alishinda kesi ya kuchafuliwa jina. Nakubali yote hayo. Ila kuwapo kwa biashara ya silaha katika Maziwa Makuu hakuthibitishi kwamba sangara ndiye aliyeilipia, na bango linasema hivyo bila kusita. Wengine watasema kwamba bila taharuki hakuna ambaye angetazama. Filamu isingeshinda tuzo ya César wala kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Hoja hii ni nzito zaidi. Desturi za taharuki ndizo zilizomfanya mtu wa Paris aketi karibu saa mbili akitazama umaskini wa Mwanza. Lakini gharama yake hailipwi Paris. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu, walioumia walikuwa wavuvi na wafanyakazi wa viwandani, wakiwamo ambao hawakuwahi kugusa sumu. Serikali nayo haikusaidia. Rais Jakaya Kikwete alipoilaani filamu mwaka 2006, ubishi ukageukia mapanki, jambo ambalo filamu ilikuwa na haki nalo kabisa: mapanki hukaangwa, huuzwa na huliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni vitu ambavyo desturi hizo haziwezi kuvibeba. Taharuki inataka adui mmoja mwenye sura. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, anafaa sana kuwa papa wa hadithi, kwa kuwa kweli aliwamaliza furu wa aina nyingi. Lakini maji yaliyojaa rutuba kutoka mashambani na mijini yalichangia pia, na hayo hayachoreki kwa urahisi. Hofu ya ziwa kwa watu wa Bukoba nayo ina tarehe yake, 21 Mei 1996, siku ambayo meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Hapo hapakuwa na mtu mwenye bunduki.

Hata nje ya habari za samaki, mkoa wetu wa Kagera umeshaachwa mlangoni namna hiyo hiyo. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 inaanza na daktari kijana wa Scotland akirukia ziwani kwao, bango lake linatawaliwa na uso wa Idi Amin, na hadithi inakomea Entebbe mwaka 1976. Daraja la Kyaka lililovunjwa na majeshi yake Novemba 1978, na watu waliokimbia vijiji vya ng'ambo ya Mto Kagera, wako nje ya hadithi tangu dakika ya kwanza, kwa sababu mwanzo ulishaamua ni nani wa kuhofiwa na ni nani wa kuokolewa.

Filamu ya upande huu wa ziwa ingeweza kuanza alfajiri katika kisiwa cha Goziba, sangara akiwa kwenye mizani na mwenye boti ya barafu akisoma kilo, huku mvuvi akijua kwamba nyavu na injini bado ni deni kwa mtu huyo huyo anayempangia bei. Swali la kwanza lingekuwa ni nani aliyeipanga bei hiyo, na jibu lingetupitisha kiwandani, uwanja wa ndege na sokoni Ulaya bila kuhitaji risasi hata moja. Kigumu ni bango. Deni halina umbo linalotambulika kwa mbali kama SMG, na mchoraji atakayeipata picha yake atakuwa amefanya jambo ambalo mabango ya taharuki, kuanzia ya Bass hadi ya vibanda vyetu, hayajalifanyia ziwa hili.