Ukuta Ulimlinda Nani?

Usharika unapoadhimisha miaka tangu kuanzishwa, mara nyingi hubandika picha za majengo ukumbini: kanisa la kwanza la udongo na nyasi, kisha lile la mabati, kisha hili jipya la matofali. Watu hupita wakitazama, husema "Tumetoka mbali," halafu huenda kwenye chakula. Si vibaya. Lakini hapa kwetu Tarime na Serengeti, maonyesho ya namna hiyo yanaweza kutufundisha zaidi tukiyapanga kwa swali moja badala ya kuyapanga kwa ukubwa wa jengo. Swali lenyewe ni hili: ukuta huu ulimlinda nani?

Picha ya kwanza itoke ng'ambo tu ya mpaka, Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, Kenya. Kuta zake za mawe zimepangwa bila udongo wala saruji, na zimesimama kwa karne kadhaa. Unene wake ni mita 1 hadi 3, na kimo chake mita 1.5 hadi 4.5. Mwaka 2018 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao, na milango ilikuwa midogo ili adui asiingie kwa kishindo. Mpiga picha amsimamishe mtu mzima mlangoni, ili mtazamaji aone jinsi anavyolazimika kuinama. Ukuta ule ulilinda jamii nzima, mzee na mtoto, ng'ombe na ndama.

Hiyo ndiyo maana ya kale ya neno boma. Wajerumani walipokuja, neno likahama. Boma likawa makao ya serikali. Picha ya pili iwe magofu ya ngome yao ya Ikoma, Serengeti. Utawala ule ndio ulioleta kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na tangu hapo paa la mtu likawa deni lake. Ukuta wa Ikoma ulimlinda mtawala dhidi ya wale aliowatawala. Tukizitundika picha hizi mbili jirani, kwa ukubwa uleule na kwa usawa wa macho, hata mtoto wa shule ya Jumapili ataelewa: zote ni kuta za mawe, ila aliyemo ndani amebadilika.

Picha ya tatu itoke Shirati, ambako wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, akina Elam Stauffer na John Mosemann, walianza kazi mwaka 1934. Leo Shirati iko Rorya, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime. Picha za zamani za misheni, popote Afrika, zina kasoro moja: mmisionari hutajwa kwa jina, na waliobeba mawe huitwa "wafanyakazi" au hawatajwi kabisa. Mwaka 1967 Zedekia Kisare alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lile, jina la mwenyeji likawa mbele. Je, waliofyatua matofali? Waliobeba maji kichwani? Nehemia sura ya 3 inaorodhesha wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu mmoja mmoja, na haikuwasahau hata binti za Shalumu. Basi vijana watumwe kwa wazee mapema, wakiwa na daftari, na kila jina litakalopatikana liandikwe chini ya picha kwa herufi zenye ukubwa uleule.

Binti hao wanatufikisha kwenye picha ya nne, iliyo ngumu kuliko zote. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta kwamba mkoani Mara wanawake 32 hivi kati ya kila 100 walikuwa wamekeketwa. Ndiyo maana zipo nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia, kama Masanga wilayani Tarime na ile ya Mugumu, Serengeti, na watumishi wa Kanisa wamekuwa mstari wa mbele kuziendesha. Wasichana huzikimbilia hasa ukifika msimu wa Desemba.

Nyumba hizi zipigwe picha kwa uangalifu. Isionekane sura ya msichana, wala lango, wala kibao, wala njia ya kufika. Anayepiga kwa simu azime kwanza alama ya mahali, maana simu huificha ndani ya picha yenyewe. Zitoshe safu ya vitanda, sare za shule kwenye kamba, na mwanga wa asubuhi dirishani.

Wapo watakaosema jambo hili lisiletwe ukumbini, litagawa waumini. Ni kweli kwamba baadhi ya wazazi waliokimbiwa huketi kwenye benchi pamoja nasi. Lakini tazama Yoshua sura ya 20. Mtu aliyeukimbilia mji wa makimbilio alisimama langoni, akawaeleza wazee shauri lake, nao walipaswa kumwingiza na kumpa mahali. Mungu hakuiacha kazi hiyo kwa mwenye huruma mmoja mmoja. Aliwaagiza wazee wa mji. Kama wao walipaswa kumpokea mtu aliyeua bila kukusudia, sembuse mtoto asiye na kosa lolote?

Kwa hiyo picha ya mwisho iwe ya mlango wa kanisa letu wenyewe, umepigwa kutoka nje, usiku. Chini yake liandikwe swali lile lile, na jina la mzee au mama wa kanisa atakayeshika ufunguo Desemba ijayo.