Mkono Mwepesi: Tarikhi ya Kumfunza Farasi na Mpandaji Wake

Mashindano ya farasi yana mambo mawili yasiyozoeleka katika Olimpiki: wanaume na wanawake hushindana katika uwanja mmoja bila ya kutengwa, na nusu ya ushindi huwa ni ya mnyama asiyejua nishani ni kitu gani. Namna zake mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni dresaji, ambamo farasi huonyesha utii, wepesi na mizani ya mwili wake katika uwanja wa mchanga wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, huku waamuzi wakimpa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila tendo. Na ya pili ni kuruka viunzi, ambako huhesabiwa fito zilizoangushwa na wakati uliotumika. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao mbung'o na maradhi yake yametunyima farasi katika sehemu kubwa ya bara, aghalabu tumemjua punda zaidi kuliko jamaa yake huyu. Lakini tarikhi ya elimu hii haikosi faida hata kwa asiyepata kushika hatamu maishani mwake, kwani ni tarikhi ya mwanadamu kujifunza kupunguza: kupunguza hasira, kupunguza adhabu, kupunguza uzito wa mkono, na mwishowe kupunguza kiburi cha cheo.

Miongoni mwa vitabu vya kale kabisa juu ya kupanda farasi vilivyotufikia ni kile cha Xenophon wa Athens, askari na mwanafunzi wa Socrates, aliyeishi karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mtu huyu, aliyekwisha kuongoza watu vitani katika nchi za Uajemi, na ambaye hakuna awezaye kumdhania kuwa na moyo laini kupita kiasi, alishikilia kwamba farasi asiendewe kabisa na mtu mwenye ghadhabu, kwa kuwa ghadhabu haina busara na humtendesha mtu jambo atakalolijutia. Na kwamba mnyama anapotenda linalotakiwa apewe raha papo hapo, ili ajue kwa yakini kuwa utii ndio mlango wa kupumzika.

Mafunzo hayo hayakuenea Ulaya kwa karne nyingi, na wakati huo elimu ya farasi ilistawi kwingineko. Katika karne ya tatu ya Hijra, Ibn Akhi Hizam, aliyekuwa katika utumishi wa makhalifa wa Baghdad, aliandika juu ya furusiya, yaani ufundi wa kupanda farasi, na juu ya matibabu ya farasi. Na wapanda farasi wa Zenata kutoka Maghribi walipovuka kwenda Andalusi walikwenda na mtindo wao wa vikuku vifupi na magoti yaliyokunjwa, uliomwezesha mtu kugeuka upesi na kukwepa, ilhali shujaa wa Kizungu, aliyevaa deraya nzito na kunyosha miguu mbele, alikuwa hana budi kwenda moja kwa moja. Wahispania waliurithi mtindo huo pamoja na farasi wepesi wa nchi hiyo, na maadamu Naples ilikuwa chini ya himaya ya Hispania, haikuwa ajabu kwamba mji huo ndio uliokuwa shule ya Ulaya.

Huko Naples, mwaka 1550, Federico Grisone alichapisha kitabu chake cha kanuni za kupanda, kikasomwa na kufasiriwa katika lugha nyingi. Alikuwa hodari, lakini mkali: farasi mkaidi alipigwa, akatiwa lijamu zenye kuumiza, na dawa mojawapo iliyosifiwa ilikuwa ni kumfunga paka aliye hai kwenye ncha ya ufito na kumpeleka nyuma ya farasi asiyetaka kwenda mbele. Kizazi kilichofuata ndicho kilichoanza kuona haya. Mfaransa Antoine de Pluvinel, aliyesoma Naples kwa Giovanni Battista Pignatelli, alirejea Paris akafungua shule, akamfunza Mfalme Louis XIII mwenyewe; na katika kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1623 baada ya kufa kwake, alimnasihi mwanafunzi awe mkarimu wa sifa na bahili wa adhabu.

Miaka mia moja baadaye François Robichon de La Guérinière, aliyesimamia shule ya kupanda farasi ya Tuileries, aliandika kitabu ambacho mpaka leo kinahesabiwa kuwa msingi wa fani hii, nacho kikatoka mwaka 1733. Zoezi lake mashuhuri laonekana dogo kwa mtazamaji. Farasi huenda kandokando ya ukuta, mabega yake yameingizwa ndani kidogo na mwili wake umepindika kuzunguka mguu wa ndani wa mpandaji, hata mguu wa nyuma wa upande huo ukalazimika kuingia chini ya tumbo na kubeba uzito zaidi. Kwa zoezi hilo lisilo na kelele wala mjeledi, farasi aliyekuwa akijitupa mbele juu ya mabega yake hujifunza kukaa juu ya nyonga, na mkono wa mpandaji huona hatamu zikipungua uzito.

Mahali palipouhifadhi mtindo wa ustadhi huyo kwa uaminifu ni Vienna, katika shule iitwayo ya Kihispania kwa sababu ya asili ya farasi wake, wanaotokana na zizi lililoanzishwa Lipica mwaka 1580. Wana wa farasi hao huzaliwa weusi au wa rangi ya udongo, wakawa weupe kadiri miaka inavyopita. Ukumbi wao, uliojengwa kati ya mwaka 1729 na 1735 kwa amri ya Kaisari Charles VI, una picha yake ukutani, na kila mpandaji anayeingia huvua kofia kuisalimu. Mwanafunzi mgeni huwekwa juu ya farasi mzee aliyekwisha hitimu, asipewe hatamu wala vikuku, akazungushwa kwa kamba kwa muda mrefu mpaka makalio yake yajue kutulia. Na siku atakapohitimu yeye, ndipo atakapokabidhiwa mwanafarasi amfunze.

Kuruka kulikuwa na njia nyingine. Katika kumbi za wafalme hapakuwa na ua wa kurukwa. Lakini Uingereza, pale sheria za karne ya 18 zilipoyagawa mashamba na kuyazungushia nyua, wawindaji waliowafuata mbweha kwa farasi walijikuta hawana budi kuruka au kurudi nyumbani. Mtindo ulikuwa ni kuegemea nyuma farasi anapotua, kwa itikadi kuwa hivyo ndivyo miguu yake ya mbele itakavyosalimika. Lakini uzito wa mtu uliangukia kiuno cha mnyama, hatamu zikamvuta kinywa wakati ule ule anapotaka kunyosha shingo, na baada ya kuumizwa mara kadhaa farasi aliona ni afadhali kukataa.

Aliyeligeuza jambo hilo ni Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la farasi la Italia aliyezaliwa Livorno mwaka 1868. Yeye alianza kwa kumtazama farasi anaporuka peke yake, akauona mgongo wake unavyoviringa na shingo inavyokwenda mbele na chini, akahukumu kwamba kazi ya mpandaji ni kutomzuia. Akafupisha vikuku, akainua makalio kutoka kwenye seruji, akauegemeza mwili mbele, na mikono akaiacha ifuate kinywa cha farasi. Wakubwa wake walimpinga. Lakini mwaka 1902, mjini Turin, aliruka kiunzi cha mita 2.08 juu ya farasi aitwaye Melopo, na shule za jeshi lake za Pinerolo na Tor di Quinto zikawa mahali pa kuendewa na maofisa wa mataifa mengine. Alikufa mwaka 1907 kwa kuanguka farasini, umri wake miaka 39, hali mtindo wake umekwisha kuanza kuenea duniani.

Kilichobaki kupunguzwa ni kiburi. Dresaji iliingia Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 ikiwa mali ya maofisa wa jeshi, na kanuni hiyo ilishikwa kwa ukali hata baada ya Olimpiki ya London ya mwaka 1948 Waswidi wakanyang'anywa dhahabu yao, kwa kuwa mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya mashindano tu. Fedheha hiyo ilisaidia kuuvunja mlango. Helsinki, mwaka 1952, sajini na raia na wanawake waliruhusiwa: Persson akapata dhahabu yake pamoja na wenzake, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye ugonjwa wa polio ulikuwa umempoozesha miguu chini ya magoti, hata akawa ni wa kupandishwa na kuteremshwa, alishinda nishani ya fedha juu ya Jubilee. Wanawake waliruhusiwa kuruka viunzi katika Olimpiki iliyofuata.

Isidhaniwe kwamba mambo yametengenea yote. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilibidi litangaze kuwa kuikunja shingo ya farasi kwa nguvu hata kidevu kikaelekea kifuani hakukubaliki, jambo ambalo Pluvinel angelidhani limekwisha semwa. Msomaji atakayeyatazama mashindano haya kwenye televisheni asishughulike mno na urefu wa kiunzi wala na mapambo ya koti la mpandaji, amtazame mikono. Ikifuata kinywa cha farasi bila kukivuta, huyo amefunzwa. Na ikivuta, hata akishinda, bado ana la kujifunza kwa Xenophon.