Wana wa Askofu na Uamuzi wa Rubani

Neno rubani ni la kale katika pwani yetu. Ndiye mtu ajuaye miamba na mikondo, aongozaye chombo kuingia bandarini. Na chombo kikipanda mwamba, huulizwa yeye, hauulizwi upepo. Zilipokuja ndege za angani, jina hilo likapewa mwenye kuziendesha, na daraka lake likamfuata. Hata leo sheria za mataifa za usafiri wa anga zasema kwamba rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya chombo chake. Basi yafaa tutazame jinsi watu wa kwanza walivyouchukua mzigo huo.

Wilbur na Orville Wright walikuwa wana wa Askofu Milton Wright, wa mji wa Dayton katika Marekani, na kazi yao ilikuwa ufundi wa baisikeli. Mwaka 1896 walipata habari ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa ameruka mara nyingi sana kwa mabawa yasiyo na injini, mpaka siku moja akaanguka, akafa. Wengi wakati ule walitafuta injini yenye nguvu. Ndugu hawa wakaona kwamba kwanza mtu ajue kukitawala chombo hewani. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1900 walikwenda Kitty Hawk, penye mchanga mwingi na upepo wa bahari, wakajizoeza kwa mabawa yasiyo na injini, karibu na ardhi. Wilbur alimwandikia baba yake kwamba hakusudii kujihatarisha bure. Tena walipatana na mzee kwamba hawatapanda pamoja, ili mmoja akifa, mwingine abaki aimalize kazi.

Desemba 1903 chombo chenye injini kilikuwa tayari. Tarehe 13 ilikuwa Jumapili, nao hawakurusha, kama walivyolelewa. Tarehe 14 wakapiga kura kwa sarafu, ikamwangukia Wilbur. Akakiinua chombo ghafula mno, kikapungukiwa na mwendo, kikaanguka na kuvunjika kidogo. Tarehe 17, kilipokwisha tengenezwa, upepo ulikuwa mkali, zaidi ya maili 20 kwa saa, na baridi nyingi. Wakaamua kuruka. Orville akaenda futi 120 kwa sekunde 12. Na karibu na adhuhuri Wilbur akafika futi 852. Ulimwengu wawasifu kwa siku ile. Lakini miaka kumi baadaye Orville mwenyewe aliandika kwamba alistaajabia ujasiri wao, kurusha chombo kipya kisichojaribiwa katika upepo wa namna ile. Jambo likifanikiwa, watazamaji huliita hekima. Aliyeamua ndiye ajuaye jinsi lilivyokuwa.

Siku ya huzuni ilikuja Septemba 17, 1908, huko Fort Myer, karibu na Washington. Orville alimpakia afisa wa jeshi, Luteni Thomas Selfridge. Walipokuwa wakiuzunguka uwanja, akasikia mlio mdogo wa kugonga nyuma yake. Akageuka, asione kitu. Hata hivyo akaamua kuzima injini na kushuka. Hakuwahi. Rafadha moja ilikuwa imepasuka, ikapiga waya ulioshikilia usukani, na chombo kikaanguka kwa kichwa. Orville alivunjika paja na mbavu. Selfridge akafa, naye ndiye mtu wa kwanza kufa kwa kuanguka na ndege yenye injini.

Wilbur wakati huo alikuwa Ufaransa, mbali kabisa. Lakini alimwandikia dada yao akijilaumu kwa kumwacha nduguye peke yake katikati ya wageni wengi na maswali yao. Orville naye alipokuwa kitandani alitaka kujua ni kitu gani kilichovunjika, na kwa nini. Walipoielewa sababu wakakitengeneza chombo upya, na Julai 1909 Orville akarudi palepale, akampakia afisa mwingine, wakakaa hewani zaidi ya saa moja, wakashuka salama.

Mei 25, 1910, kwa ruhusa ya baba yao, ndugu wawili walipanda pamoja mara moja tu, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kamilika. Kisha Orville akampandisha mzee mwenyewe, mwenye umri wa miaka 81. Naye askofu hakuogopa, bali alimsihi mwanawe apande juu zaidi.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu hatutaendesha ndege kamwe. Lakini yuko mwenye mtumbwi aonaye wingu jeusi upande wa ziwa, na abiria wanamhimiza. Yuko dereva wa lori asikiaye mlio mdogo katika gurudumu, na soko laanza alfajiri. Abiria hawakuusikia mlio ule, wala hawawezi kuamua. Yeye amesikia, basi na asimamishe gari, ashuke atazame, hata wakimnung'unikia.